Nani Huitwa Mtendaji? Kufunzana katika Masoko ya Kasese, kutoka Mwalo wa Kahendero hadi Mpaka wa Bwera

Utangulizi

Kahendero ni mwalo mdogo wa wavuvi kwenye ufuko wa Ziwa George, Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Makazi yake yamezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyotangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kupewa jina lake la sasa miaka miwili baadaye. Kwa kuwa kilimo kimebanwa na sheria za hifadhi, familia ya mvuvi hununua karibu kila inachokula isipokuwa samaki. Ndizi, mihogo na maharage huletwa kutoka nje, na bei ya ngege asubuhi ndiyo inayoamua chakula cha jioni. Ni mahali pachache ambapo mtu mwenye kipato kidogo hulitegemea soko kwa kiasi hicho. Kwa sababu hiyo Kahendero panafaa kuwa mwanzo wa mjadala kuhusu mkabala wa maendeleo unaojulikana kama kufanya masoko yawafae maskini.

Mkabala huo ulipata sura yake kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwaka 2008, hasa kupitia mashirika ya misaada ya Uingereza na Uswisi. Kiini chake ni chepesi kuelezwa ingawa ni kigumu kutekelezwa. Badala ya kugawa mbegu au nyavu, mradi huchunguza kwa nini soko halimfikii maskini au humfikia kwa hasara, kisha huwachochea wafanyabiashara, vyama na serikali wabadilishe mwenendo wao wenyewe. Kazi ya namna hiyo haina kanuni moja ya kufuata kila mahali. Ndiyo maana walioifanya walihisi mapema haja ya kujifunza kwa wenzao: kwanza katika kozi na makongamano, kisha kwa njia ya intaneti. Mtandao wa BEAM Exchange, ulioanza mwaka 2014, ni mojawapo ya matunda ya haja hiyo.

Historia ya kujifunza huku kwa kawaida husimuliwa kama historia ya watumishi wa miradi. Wao ndio wanaoitwa watendaji, na wenzao ni watumishi wa miradi mingine, Dhaka, Nairobi au London. Makala hii inadai kwamba huko Kasese mambo yalikwenda kinyume. Kufunzana juu ya soko kulifanywa na wauza samaki, wakulima wa kahawa na wanachama wa vikundi vya akiba kabla mradi haujakupa jina, na mbinu zilizotokana nako zilivuka mipaka ya nchi. Maarifa hayo yalipohamia katika mtandao, waliokuwa walimu walihesabiwa kuwa wanufaika. Sehemu kubwa ya sababu ni lugha.

Majina na matendo

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. Nyaraka za miradi katika Afrika Mashariki hutumia maneno matatu kumtaja mtu wa kawaida: mlengwa, mnufaika na mshiriki. La kwanza ndilo linalosema mengi. Limejengwa juu ya kitenzi lenga na kiambishi cha kutendwa, kwa hiyo mlengwa ni yule ambaye mwingine amemwelekezea kitu. Hata kama mlengwa huyo amefundisha kijiji kizima, sarufi ya neno haimruhusu kutenda. Mtendaji, kwa upande mwingine, ni mtu wa kutenda kwa mazoea, na nchini Tanzania neno hilo lina uzito wa kiserikali pia, kwani humtaja ofisa wa kata au kijiji. Msomaji wa Kitanzania anaposoma kuhusu mtandao wa watendaji huenda akawafikiria watu wenye mihuri kabla ya kuwafikiria wachuuzi.

Kiswahili kina umbo jingine lifaalo zaidi, nalo ni lile la kutendana. Funzana, elekezana, onyana: katika vitenzi hivi hakuna mlengwa. Kila mhusika hutoa na kupokea. Umbo hili ndilo linaloyaeleza vizuri zaidi mambo yaliyotokea Kasese, na ndilo linalotumika katika makala hii.

Ziwa lenye leseni

Ziwa George ni dogo, lenye eneo la kilomita za mraba 250 hivi, na kina chake cha wastani hakizidi mita mbili na nusu. Wingi wake wa samaki uliivutia serikali ya kikoloni mapema. Kufikia mwaka 1950 lilikuwapo shirika la kuuza samaki, TUFMAC, lenye kiwanda Kasenyi, kwenye ziwa hilohilo. Shirika lilipewa haki ya kununua samaki wa ziwa, bei ilipangwa na mnunuzi, na idadi ya mitumbwi iliwekewa kikomo kwa leseni. Kwa lugha ya leo, hilo lilikuwa soko lililosanifiwa kutoka juu. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, mgodi ulileta walaji wengi karibu na ziwa, na upande wa Kongo palikuwa na soko la samaki wa chumvi.

TUFMAC haikudumu, lakini mambo mawili yalibaki. La kwanza ni leseni: mtumbwi usio na namba ni haramu, na namba hazitoshi wote. La pili ni mgawanyo wa kazi mwaloni. Mwenye mtumbwi si lazima aende ziwani. Wanaokwenda ni wale ambao katika mialo ya Uganda huitwa baria, neno ambalo asili yake ni baharia wa Kiswahili, lililosafiri kutoka pwani hadi kwenye maji yasiyo na chumvi na kupoteza silabi njiani. Wanaokausha, kutia chumvi na kuuza kwa sehemu kubwa ni wanawake. Ujuzi wa kila kundi hupitishwa ndani ya kundi hilo. Baria mpya hufundishwa na baria mzoefu mahali pa kutega nyavu. Mwanamke anayeanza biashara hujifunza kwa jirani yake kiasi cha chumvi, muda wa moshi, na jina la mnunuzi wa mpakani asiyelipa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu huu usioandikwa ulipata nafasi ya kisheria kwa muda. Mradi uliofadhiliwa na Uingereza katika maziwa George na Kyoga ulisaidia kujenga usimamizi wa pamoja wa uvuvi, na kanuni za mwaka 2003 zikaanzisha vikundi vya usimamizi wa mialo nchini kote. Jambo la maana kwa mada hii ni kwamba kanuni zilitaka wenye mitumbwi, baria na wachuuzi wote wawe na viti katika kamati, na wanawake wawemo. Kwa mara ya kwanza baria na mchuuzi waliandikwa katika daftari moja na mwenye mtumbwi, wakiwa na haki ya kusema. Halmashauri zilizolizunguka Ziwa George ziliunda pia chombo chao cha pamoja, LAGBIMO, ili mwalo mmoja usifanye siri yale ambayo mwingine ungeweza kuyatumia.

Nafasi hiyo ilifungwa. Mwishoni mwa mwaka 2015 Rais alisimamisha vikundi vya mialo, vikilaumiwa kwa kuvumilia uvuvi haramu, na kuanzia mwaka 2017 ulinzi wa uvuvi ukakabidhiwa kikosi cha jeshi. Samaki waliongezeka katika baadhi ya maziwa. Malalamiko ya wavuvi kuhusu nguvu iliyotumika nayo yalifika bungeni. Mkabala wa masoko kwa maskini una jambo la kujifunza hapa ambalo vitabu vyake hulitaja kwa upole mno: kufunzana kunahitaji mahali panapotambuliwa na sheria. Wachuuzi wa mwalo wanaweza kujua kila kitu kuhusu bei ya Bwera, lakini wasipokuwa na kiti mahali inapoamuliwa nani apewe namba ya mtumbwi, ujuzi wao hauwapatii samaki wa kuuza.

Kahawa mbichi na siri za nyumbani

Wilaya ya Kasese hupanda kutoka ufuko wa Kahendero, mita 900 na ushei juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Katikati, kwenye miteremko ya Bukonzo, hulimwa kahawa ya arabika. Huko ndiko kufunzana kulikopata umbo lililojulikana nje ya Uganda.

Ukiritimba wa bodi ya serikali katika biashara ya kahawa uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1991 ikaundwa mamlaka ya UCDA kusimamia ubora. Soko huria lilileta wanunuzi wengi hadi mlangoni mwa mkulima. Lilileta pia tatizo. Kahawa ya milima hii iliuzwa zaidi ikiwa imekaushwa pamoja na maganda yake, na sifa yake ilikuwa duni. Wataalamu walieleza tatizo kwa maneno ya kitaalamu: uvunaji wa mapema, ukaushaji juu ya udongo, ukosefu wa mashine za kuoshea. Dawa ilikuwa mafunzo juu ya ubora, nayo yalitolewa mara nyingi.

Jibu lililokwenda mbali zaidi lilitoka Kyarumba, makao ya chama cha ushirika cha akiba na mikopo cha Bukonzo Joint, kilichotokana na vikundi vya vijijini mwaka 1999. Katika miaka ya 2000 wanachama wake walianza kufanya kazi na mtafiti wa Uingereza Linda Mayoux, na kutokana na ushirikiano huo, ulioungwa mkono baadaye na Oxfam Novib, ikakua mbinu inayoitwa GALS. Kiini chake ni michoro. Mwanachama huchora njia kutoka hali yake ya leo hadi hali anayoitaka, akiweka vituo, fursa na vizuizi. Huchora pia mti ambao mizizi yake ni kazi na mapato ya kila mtu nyumbani, na matawi yake ni matumizi. Shina linaposimama wima, mzigo umegawanywa kwa haki. Linapoinama, kila mtu hulioona. Asiyejua kusoma huchora sawa na aliyesoma, na daftari hubaki mikononi mwa mchoraji.

Miti ndiyo iliyofichua kile ambacho mafunzo ya ubora hayakukigusa. Kahawa ilivunwa mbichi kwa sababu mume na mke walikuwa wakiwindana. Mke aliyejua kwamba fedha za mauzo hazitamfikia alichuma mapema kidogo kidogo na kumuuzia mchuuzi kwa siri. Mume aliyejua hivyo alichuma mapema zaidi, au aliuza kahawa ikiwa bado mtini. Wezi wa usiku waliwaharakisha wote wawili. Hakuna aliyekosa elimu ya kilimo. Wote walijua kwamba kahawa mbivu ina bei nzuri zaidi. Walichokosa ni sababu ya kumwamini mwenzao hadi iive. Ubovu wa mnyororo wa thamani, ambao mradi wa kawaida ungeutafuta barabarani au katika mashine, ulikuwa kitandani na jikoni.

Waliopatana walianza kupanga mavuno na matumizi pamoja, na baadhi ya familia ziliandikishana umiliki wa pamoja wa ardhi. Wanunuzi wa kahawa nao waliingizwa katika michoro. Vituo vidogo vya kuoshea kahawa vilivyojengwa baadaye vilikuta wakulima walio tayari kungoja rangi nyekundu. Itakuwa kosa kudai kwamba michoro peke yake ilifanya yote hayo. Bei ya dunia ilikuwa na sehemu yake, na vyama vya ushirika vilivyopata vyeti vya kahawa hai na biashara ya haki vilikuwa na yao. Lakini mpangilio wa sababu unastahili kutazamwa: uaminifu wa nyumbani ulitangulia mashine.

Jambo la pili la kutazamwa ni jinsi mbinu ilivyoenea. Kila aliyejifunza alitarajiwa kuwafunza wengine, akianza na watu wa nyumbani mwake, kisha jirani na kikundi chake. Hapakuwa na posho ya kufundisha. Lugha ilikuwa Lhukonzo, na karatasi ilikuwa na michoro. Mbinu ilipovuka mipaka, ikiwa ni pamoja na Rwanda na Nijeria chini ya mradi uliofadhiliwa na IFAD, wakulima wa Kasese walisafiri kama walimu. Kwa vipimo vyovyote, hao ni watendaji waliofundisha watendaji wengine namna ya kuchunguza soko. Hata hivyo katika maandiko mengi ya mkabala wa masoko wanaonekana kama mfano wa mafanikio, yaani kama kitu kilichotokea, huku nafasi ya aliyekitenda ikiachwa kwa shirika.

Mtandao na lugha yake

Kushuka kutoka Kyarumba hadi Bwera ni kurudi katika biashara ya mpakani. Hapa Mpondwe upande wa Uganda hutazamana na Kasindi upande wa Kongo, na samaki wa maziwa hukutana na wanunuzi wa kutoka Beni na Butembo. Lhukonzo cha upande mmoja na Kinande cha upande wa pili huelewana, na asiyejua chochote kati ya hivyo hutumia Kiswahili. Mtoto wa Bwera husikia Kiswahili cha Kongo sokoni kabla hajakutana na kile cha kitabu.

Mwezi Juni 2019 wagonjwa wa Ebola walithibitishwa Kasese, na magulio yakasitishwa kwa muda. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa watu kwa sababu ya UVIKO-19, ingawa malori ya mizigo yaliendelea kupita. Tofauti hiyo iliwaumiza wenye mtaji mdogo, kwa kuwa mwanamke anayebeba kikapu ni mtu, na mwenye lori ni mzigo. Simu ilichukua sehemu ya kazi ya soko. Fedha kwa simu zilikuwapo nchini tangu mwaka 2009, na ujumbe wa sauti ulimfaa hata asiyesoma. Bei, jina la dereva mwaminifu, habari za kizuizi kipya cha barabarani, vyote viliweza kupita kutoka simu hadi simu.

Katika miezi hiyohiyo mashirika ya maendeleo yalihamishia semina zake katika intaneti na kutangaza kwamba kujifunza kwa wenzao sasa hakuna mipaka. Kwa mtumishi wa mradi mjini tangazo hilo lilikuwa kweli. Kwa mchuuzi wa Kahendero mipaka ilikuwa mitatu. Wa kwanza ni bei. Tangu Julai 2018 mtumiaji wa mitandao ya kijamii Uganda alilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku, na mwaka 2021 ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data badala yake. Wa pili ni mkono wa dola, ambao Januari 2021 ulizima intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Wa tatu ni lugha. Kodi hubadilishwa na mtandao huwashwa tena, lakini miongozo, visa na mijadala ya watendaji vilivyobaki kwa Kiingereza vimeendelea kumfungia mlango mtu yuleyule hata pale data ilipokuwa rahisi.

Madhara yake si kwamba mchuuzi hakusoma tu. Ujuzi wake uliingia katika mtandao kupitia kalamu ya mtu mwingine. Mtumishi wa mradi husikiliza kwa Lhukonzo au Kiswahili, huandika kwa Kiingereza, hujadiliana na watumishi wenzake, na hitimisho hurudi kijijini likiwa mafunzo. Katika mzunguko huo kila kituo kina jina la mtendaji isipokuwa kile cha kwanza. Mti wa Bukonzo uliponea kwa kiasi fulani kwa sababu mchoro hauhitaji mkalimani, na kwa sababu walioubuni walikwenda wenyewe kuufundisha.

Kiswahili cha mwalo

Washauri wa sera watauliza kama Kiswahili kinaweza kuvunja mzunguko huo. Msingi wa kisheria upo. Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kukitumia kama lugha rasmi na kukifanya somo la lazima shuleni. Kwa wilaya inayouza samaki Kongo na kahawa nje ya nchi, lugha inayofahamika kuanzia Kasindi hadi Mombasa ni mali.

Lakini huko ziwani Kiswahili kina vinywa viwili. Kimoja ni cha baria na mchuuzi, chenye maneno ya nyavu, chumvi na deni. Cha pili ni cha askari, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya jeshi la Uganda, na wazee hawajasahau kwamba kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 chini ya Idi Amin. Chini ya ulinzi wa jeshi vinywa hivyo vimekutana juu ya maji ya Ziwa George, mara nyingine katika amri ya kukabidhi nyavu. Mpango wa lugha unaodhani kwamba Kiswahili kitapokewa mwaloni kama chombo kisicho na historia utashangaa. Aidha, si busara kukiweka mahali pa Lhukonzo katika yale ya nyumbani: mume na mke wa Kyarumba hawakusuluhisha jambo la kahawa mbichi kwa lugha ya mpakani.

Kuna pia suala la malipo, ambalo mjadala wa istilahi huliibua bila kukusudia. Walimu wa Bukonzo walifundisha majirani zao bila posho, na wapo wanaosema kwamba hilo ndilo lililoiweka mbinu hai baada ya fedha za mradi kwisha. Mwezeshaji anayeandika habari zao kwa Kiingereza hulipwa mshahara. Mchuuzi wa Kahendero akiandikwa mtendaji katika mwongozo wa Kiswahili, akirekodiwa sauti yake akieleza namna ya kumtambua mnunuzi wa Kasindi asiyelipa, na sauti hiyo ikasikilizwa Kigoma na Kisumu, atakuwa amefanya kazi ileile ambayo mwingine hulipwa kwayo. Atakayeandaa bajeti ya mwongozo huo atalazimika kuamua, kabla haujachapwa, kama siku ile ya kurekodi itaandikwa katika safu ya mishahara au katika safu ya chai na nauli za walengwa.